Mjadala: Mfumo wa ushuru mialoni ujengwe kwa sprinti, au kwa mkataba wa bei moja?

Mwanzisha mada:
Wadau wa Mwanza, tuchukue halmashauri yoyote ya kando ya ziwa inayotaka mfumo wa ushuru wa samaki: mzani, mashine ya POS (ya mkononi, ya kukatia risiti), namba ya malipo, ripoti ya kila siku. Zabuni zilizozoeleka huandika kila kitu mwanzoni, bei moja, tarehe moja ya kukabidhi. Wengine wanataka kazi iende kwa sprinti, yaani vipindi vifupi vya kazi, vya wiki mbili mbili. Hela ni ya umma. Mkataba useme nini?

Wa Nyegezi:
Sprinti. Mwongozo wa Skramu (njia ya kuendesha kazi kwa sprinti) wa 2020 unasema sprinti isizidi mwezi mmoja, na urefu wake usiyumbe. Kikao cha kupanga hakivuki saa 8 kwa sprinti ya mwezi; kwa wiki mbili, saa 4 zinatosha. Humo timu, kwa kawaida watu 10 au pungufu, inaweka lengo moja, tuseme "mkusanya ushuru apime dagaa na kukata risiti hata mtandao ukikatika", kisha inachagua kazi za kulitimiza. Kila siku dakika 15 za kupangana upya. Mwishoni watumiaji wanaonyeshwa kilichokamilika, halafu timu inajikagua ilivyofanya kazi. Mkienda kombo mnagundua ndani ya siku 14, si siku ya makabidhiano.

Wa Igoma:
Sawa mkuu, ila mkaguzi atauliza: mlilipia nini? Orodha ya kazi isiyo na mwisho ina bili isiyo na mwisho.

Wa Nyegezi:
Ndiyo maana maana ya "imekamilika" huandikwa mapema. Imejaribiwa kwenye POS yenyewe, si kwenye kompyuta ya msanidi. Risiti zilizokatwa bila mtandao zinapanda kwenye seva bila kujirudia. Msimbo wote wa programu umekabidhiwa kwa halmashauri. Kazi iliyofika asilimia 90 ni sifuri, inarudi kwenye orodha. Kisha wekeni ukomo, mfano sprinti 10, na haki ya kuvunja mkataba kila sprinti inapoisha.

Wa Pasiansi:
Msithubutu kulipa kwa pointi za makadirio, zile alama timu inazojipangia kukadiria ukubwa wa kazi! Kazi ya pointi 3 itageuka 8 kabla hamjafika sprinti ya nne, na hakuna atakayekuwa amedanganya kisheria.

Wa Kirumba:
Wote mmesahau mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea taa inazidiwa, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi mingi inapumzika. Mzunguko huo ni siku 29 na nusu. Kwa hiyo onyesho moja linaweza kuangukia giza, mkusanya ushuru hana hata dakika ya kuwasikiliza, na linalofuata likaangukia mbalamwezi, mfumo unaonekana mwepesi kwa sababu hakuna kinachopimwa. Hilo la pili ndilo baya zaidi, maana kila mtu anatoka amefurahi.

Wa Pasiansi:
Basi sprinti ya wiki nne?

Wa Kirumba:
Hapana, maoni yatachelewa mno, na wiki nne ni siku 28: baada ya miezi michache mmeachana na mzunguko wa mbalamwezi. Bakini na wiki mbili. Mafunzo na maoni chukueni wakati wa mbalamwezi. Jaribio la foleni ndefu na mashine nyingi kwa pamoja lifanyike giza, hata kama haliangukii siku ya onyesho. Kazi isiyopita giza isihesabiwe imekamilika.

Wa Igoma:
Hapo nimeanza kuelewa. Na kuunganisha na mfumo wa malipo? Kibali cha nje hakifuati wiki mbili zenu.

Wa Nyegezi:
Kazi inayosubiri kibali haiingii kwenye sprinti mpaka kibali kiwe mkononi. Ikiingia italala humo, na lengo zima linakwama nayo. Sehemu hiyo naikubali iwe ya bei moja.

Wa Igoma:
Bado moja. Mwongozo wenu unataka mmiliki wa bidhaa, yaani anayeamua kazi ipi itangulie, awe mtu mmoja, si kamati. Kwenye halmashauri ni nani huyo, na je, akihamishwa katikati ya sprinti? Mkataba utaje cheo chake na kaimu wake, na wote wawili wawe na mamlaka ya kupanga kipi kitangulie. Mkileta kamati ya watu saba, mimi nabaki na bei moja.