MREJESHO: Wai-fai ya hosteli Wandegeya imetulia

Wakuu, niliuliza kwa nini simu za wanafunzi hapa hosteli Kampala zinashika wai-fai vizuri, ila jioni hakuna kinachofunguka. Asanteni sana, sasa inakwenda.

Ruta zetu (vifaa vinavyorusha wai-fai) nimezigawa chaneli, yaani njia za mawimbi, namba 1, 6 na 11 za gigahezi 2.4, ambazo haziingiliani, na simu zinazokubali masafa mengine ya wai-fai, gigahezi 5, nimezihamishia huko. Lakini dawa yenyewe ilikuwa kuzima kwenye ruta zile kasi za zamani za megabiti 1 na 2 kwa sekunde. Simu iliyo mbali ilikuwa ikishikilia hewa muda mrefu kutuma kitu kidogo tu, huku wengine wote wakisubiri zamu. Sasa mtu akipanda ghorofani, simu yake inahamia ruta ya karibu. Aliyeshauri nipunguze nguvu ya mawimbi ya ruta, Mungu akubariki: nayo imesaidia mno.