Mapigo ya mzee yako sawa na yangu tukikaa, kwenye ngazi tunaachana, kwa nini?

mtoto_wa_mwisho: Wakuu habari zenu, naomba kueleweshwa. Mzee wangu ana miaka 70, mi 30. Juzi tumekaa nikamshika mkono pale chini ya kidole gumba nikahesabu dakika nzima, yeye 72 mi 70, nikafurahi kweli nikajua moyo wa mzee bado wa kijana. Tukapanda ngazi, kufika juu nahesabu tena, mi 140 yeye 108 na anahema kunishinda! Dawa yoyote hatumii. Inakuwaje?

nesi_wa_zamu: Mkuu hiyo 72 yake na 70 yako si kitu kimoja. Kuna seli ndogondogo juu kwenye chumba cha kulia cha moyo ndo zinaanzisha kila pigo, na zina mwendo wake zenyewe hata neva zikinyamaza. Watafiti Jose na Collison mwaka 1970 waliandika walivyowapa watu atropini na propranololo kwa pamoja, ya kwanza inazima neva inayopunguza mwendo wa moyo, ya pili inazuia kemikali za mwili zinazouharakisha, yaani breki na mafuta vyote vimezimwa, wakaona mwendo huo wa asili ni kama 118 toa 0.57 mara umri. Piga hesabu: wewe 101, mzee 78. Kwa hiyo ukiwa umekaa neva ya vagasi imekukanyagia breki kutoka 101 mpaka 70, mzee inamshusha kidogo tu, 78 mpaka 72. Ukianza ngazi wewe unaachia breki tu tayari umepata mapigo 30 ya bure, yeye anapata 6, hana cha kuachia.

Kijiti: Na mafuta nayo yana shida yake. Noradrenalini, ile kemikali ya mwili inayoharakisha moyo, wazee wanayo hata kuzidi vijana kwenye damu, ila vipokezi vya beta, yaani sehemu za seli za moyo zinazoipokea, haviitikii kama zamani, ni kama unaita mtu aliyezoea kelele. Hiyo nayo inachangia kiwango cha juu kabisa cha mapigo kushuka na umri hata kwa mtu anayefanya mazoezi sana.

mtoto_wa_mwisho: Daah, kumbe ile 72 ilinidanganya.

nesi_wa_zamu: Breki mnaweza kuiona wenyewe. Shika mshipa, vuta pumzi taratibu, mapigo yanakimbia kidogo, toa pumzi yanapoa. Hiyo ni vagasi inafanya kazi. Ila tafadhali kuhema hivyo usimalizie kwenye umri, inaweza kuwa damu pungufu, mapafu au moyo wenyewe, na kama amewahi kuona kizunguzungu au kuanguka msikae, akapimwe umeme wa moyo haraka.

mtoto_wa_mwisho: Tumejaribu ya pumzi sasa hivi. Yangu inakimbia na kupoa mpaka mzee mwenyewe kaisikia kwa kidole chake, yake inaenda tu vilevile, nimerudia mara tatu. Na nilipomuuliza ndo ananiambia akiinuka kitandani alfajiri huwa anashika ukuta kwanza, hajawahi kunisimulia. Kesho tunaenda kupima.