Tupeane uzoefu: umewahi kufukuza tembo shambani kwa sauti? Ulitumia nini, na ilidumu?

Mlinda Dungu:
Wakuu, wenye mashamba yanayopakana na hifadhi au yaliyo kwenye mapito ya tembo, karibuni. Nataka habari za sauti tu: debe, ngoma, honi, fataki, mbwa, spika ya nyuki, chochote kinachopiga kelele. Pilipili na uzio wa umeme tuziwekee mada zake. Ukichangia, sema mambo mawili ambayo wengi huyaruka: walikuwa madume au kundi la majike na watoto, na walichukua muda gani kuizoea hiyo sauti. Maana kila mtu husema "walikimbia", na msimu unaofuata unamkuta juu ya dungu akipiga debe hadi alfajiri.

Naanza mimi. Debe lilitusaidia mahindi yakiwa machanga. Yalipoanza kubeba, wakawa wanakuja madume wawili ambao wakisikia debe wanasimama, wanatandaza masikio, wanasikiliza kidogo, kisha wanahamia upande wa shamba ulio mbali na dungu na kuendelea kula. Yaani kelele zetu ndizo zilizokuwa zinawaonyesha tulipo! Siku hizi tunanyamaza. Tunawaacha wafike ukingoni, halafu tunapiga kwa mpigo mmoja kutoka pembe mbili, tochi zinawaka papo hapo, na upande waliotokea tunauacha mtupu na giza. Mpaka sasa inashika.

Bi Mashamba:
Hilo la kuwaachia njia lisisitizwe, kaka. Vijana wa jirani zetu waliwahi kuwapigia fataki kutokea upande wa msituni. Tembo wakakimbilia upande uliokuwa kimya, na upande wenyewe ndio wa nyumba. Hakuna aliyekufa, ila jiko na choo vilibebwa. Na kama kuna mama mwenye ndama mdogo, msimkaribie hata mkiwa kumi. Yule akizingirwa na makelele hakimbii, anakufuata.

Fundi Spika:
Mimi nimeshughulika na sauti ya nyuki. Chanzo chake ni jaribio lililofanyika Kenya kaskazini, upande wa Samburu, likachapishwa mwaka 2007 na Lucy King na wenzake. Waliwapigia familia 17 za tembo sauti ya nyuki waliochokozwa. 16 ziliondoka pale zilipokuwa zimepumzika kabla ya sekunde 80 kwisha. Nusu ya familia hazikungoja hata sekunde 10. Baadaye wakagundua kwamba tembo wakisikia nyuki huwa na mngurumo maalumu wa kuonyana, wanatikisa kichwa na kujirushia vumbi.

Nilipojaribu shambani, majike na watoto waliondoka vizuri sana. Madume yalikuwa habari nyingine. Mmoja alikuwa anarudi kila mara akisogea kidogo zaidi, hakung'atwa, na mwishowe akaifuata spika yenyewe, akaing'oa na nguzo yake. Baada ya hapo niliacha kuiwasha usiku kucha. Niliifunga na kihisi cha mwendo ilie tembo akipita tu, na nikawa naihamisha. Na msitumie spika ndogo ya simu. Sauti inatoka nyembamba, haifiki popote.

Mgeni wa Usiku:
Mkuu Fundi, mimi niliuziwa kifaa kinachodaiwa kutoa sauti ambayo binadamu hawezi kuisikia lakini tembo inamkera. Taa inawaka, mimi sisikii kitu, na tembo naye anakula kana kwamba hasikii kitu. Kimeharibika au ndivyo kilivyo?

Fundi Spika:
Ndivyo kilivyo, pole. Vifaa hivyo hutoa sauti nyembamba mno, na sikio la tembo limeelemea upande wa pili, kwenye sauti nzito. Tembo wa Asia aliyepimwa alisikia kuanzia mitetemo 17 kwa sekunde hadi kama 10,500. Sisi huanza kwenye 20 hivi, lakini kijana mwenye masikio mazima hufika 20,000. Kwa hiyo sauti iliyo nyembamba kiasi cha kukupita wewe, yeye ilimpita zamani. Sauti tusizozisikia ambazo yeye anazisikia ni zile nzito za chini, ambazo tembo huzitumia kuitana wakiwa kilomita kadhaa mbalimbali. Kifaa cha kuzitoa hizo kwa nguvu hakibebeki mkononi.

Dada wa Mpakani:
Sisi tulijaribu redio. Inaachwa ikizungumza katikati ya shamba, mazungumzo tu bila muziki. Ilisaidia kwa muda mfupi, baadaye wakawa wanaila mistari iliyo jirani na redio yenyewe, nadhani kwa dharau.

Lakini sauti ya mtu ina mambo yake. Kuna utafiti wa Amboseli uliotoka mwaka 2014: tembo walipigiwa sauti za watu wakisema maneno yaleyale kwa lugha tofauti. Waliposikia wanaume wa Kimaasai walijikusanya na kuondoka zaidi kuliko waliposikia wanaume wa Kikamba. Wanawake na watoto wa Kimaasai hawakuwatisha kihivyo. Wanajua nani huwa na mkuki! Kwa hiyo wanawake wenzangu, tukipiga kelele peke yetu usiku tusishangae wakituangalia tu.

Kijana wa Ngurumo:
Mimi niliweka ngurumo za simba. Sishauri. Kundi halikukimbia, lilijikusanya palepale watoto katikati, likasimama mahali pamoja muda mrefu. Eneo lile lilikanyagwa kuliko ambavyo wangekula. Mbwa wa mtaa mzima nao hawakulala.

Mlinda Dungu:
Nilisoma kwamba kule kusini mwa India walipiga ngurumo za chui-milia kwenye njia za kuingilia mashambani na tembo wakarudi kimyakimya, ila kwa ngurumo za chui walipiga kelele na kutaka kwanza kuchunguza. Simba kwa tembo wakubwa naona ni adui wa kukabiliwa, si wa kukimbiwa. Inategemea wanamjua mnyama huyo kwa lipi.

Mzee wa Mizinga:
Vijana, mnahangaika na sauti za bandia wakati wenyewe wapo. Uzio wa mizinga: mizinga inaning'inizwa kila baada ya mita 10 hivi, imeunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanavuma, na asiyeondoka anang'atwa kwenye macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga. Ndiyo maana mvumo wa kwangu hawajauzoea, na wa Fundi wameuzoea. Si lazima kila mzinga uwe na nyuki. Katikati unaweza kuning'iniza wa uongo, kipande cha ubao tu, yeye usiku hatofautishi.

Sitawadanganya, una udhaifu. Ukame ukikaza nyuki wanahama, na mizinga mitupu haimtishi mtu. Lazima maji na maua yawepo karibu. Na uzio wenye mwanya ni kazi bure, tembo atautembea wote mpaka aupate.

Fundi Spika:
Mzee, nakubali. Ila aliye kwenye ukame anaweza kuziba kwa spika sehemu zile ambazo mizinga imekuwa mitupu, mradi mingine bado ina nyuki. Hapo atakayeidharau spika huenda akakutana na mzinga wenye wenyewe.

Mzee wa Mizinga:
Hiyo sijaijaribu, lakini inaingia akilini. Nitaijaribu kiangazi kikija.

Bi Mashamba:
Mzee shikamoo. Uzio wako uko umbali gani na nyumba? Nina wajukuu na mbuzi.

Mzee wa Mizinga:
Marahaba mama. Weka upande wa nje wa shamba, kule watokako tembo, mbali kabisa na nyumba na njia ya watoto. Mbuzi usimfunge kamwe kwenye nguzo za mizinga, akivuta kamba ni sawa na tembo. Na ukienda kurina, waambie majirani kwanza.