Naomba ushauri, tumefiwa na mama leo na kusali nashindwa

Wapendwa, mama katutoka leo alfajiri, simu haitulii kila mtu anatoa pole na nashukuru sana, ila nikipiga magoti kusali maneno hayatoki kabisa nabaki nalia tu. Kinachonishikilia mpaka sasa ni Yohana 11, pale Yesu alipolia msiba wa Lazaro wakati alijua kabisa anaenda kumfufua, kwa hiyo kulia sio kukosa imani, hilo naliamini. Shida ni mdogo wangu, kaifunga Biblia yake anasema tuliomba sana na Mungu hakutusikia. Jamani nimwambie nini? Au nikae naye tu kimya? Mliopitia hili naombeni mnisaidie, hata zaburi ya kusoma naye usiku huu