Mbona Philip hakuitwa mfalme na Camilla yuaitwa malkia?

KijanaKibokoni:
Asalaam aleikum wote. Tangu Mfalme Charles wa Uingereza na mkewe Camilla waje hapa Mombasa Novemba 2023 wakaingia mpaka Fort Jesus, hapa kwetu barazani ubishi haujesha. Mke wa mfalme yuaitwa malkia, sawa. Sasa Elizabeth alikuwa malkia toka 1952, mumewe mbona hakuwa mfalme? Na redio zilikuwa zikimuita Mwanamfalme Philip, mwana wa mfalme gani huyo?

BiMakadara:
Waaleikum salaam mwanangu. Malkia ni wa aina mbili usiwachanganye. Kuna aliyerithi kiti akatawala mwenyewe, ndio Elizabeth, na kuna wa ndoa, ndio Camilla, huyu hana mamlaka yoyote na Charles akifa kiti chaenda kwa mwanawe William hakiendi kwake. Cheo cha mfalme huko wamemuekea anayetawala, sasa mume wa malkia akiitwa mfalme watu wataona yeye ndiye mkubwa. Hata mume wa Malkia Victoria, Albert, aliishia kuwa Prinsi Konsoti, yaani mwanamfalme mume wa malkia, tena alipewa 1857 washaoana miaka kumi na saba. Na sisi watu wa Mvita hili si geni kwetu, Mwana Mkisi anayetajwa kwenye habari za kale za mji huu alikuwa mtawala yeye mwenyewe, hakukipata kiti kwa mume.

NahodhaWaKilindini:
Bi Makadara umenena, ila kuna mmoja aliitwa mfalme kwa ndoa, Philip wa Hispania alipomuoa Malkia Mary wa Kwanza wa Uingereza 1554. Lakini waliandikiana mkataba kabisa, na Mary alipofariki 1558 ufalme wa Uingereza ukamtoka pale pale.
Hiyo ya mwanamfalme sasa, hapo ndipo watu wanapopotea manake prinsi si lazima awe mtoto wa mfalme. Huyu Philip wa Elizabeth babake hakuwa mfalme, babu yake ndiye aliyekuwa mfalme wa Ugiriki. Kabla ya kuoa 1947 akaacha vyeo vyake vya Ugiriki na Denmark, akafanywa Duke wa Edinburgh, na uprinsi wa Uingereza akaja kupewa na mkewe 1957. Na nenda Monaco uone, kule prinsi ndiye mwenye nchi, hakuna mfalme juu yake.

KijanaKibokoni:
Ahsanteni sana wallahi nimeelewa. Sasa huyo Duke ni kama liwali wetu wa zamani?

BiMakadara:
La, mbali kabisa. Liwali wa Mombasa alikuwa na kazi, yuko hapa kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, aketi aamue kesi za watu, na bendera nyekundu ya Sultani ikipepea Fort Jesus mpaka 1963. Philip hakutawala Edinburgh hata siku moja, ile ni heshima tu.