Naomba ushauri: jarida la kuchapisha makala ya masimulizi ya kweli

Ndugu waandishi na wahariri, nina makala ya maneno yapatayo 4,000 kuhusu mafundi wa majahazi wa Pangani, niliyoiandika kutokana na masimulizi yao wenyewe bila kubuni chochote, lakini sijui niipeleke wapi. Majarida yaitwayo "Kiswahili" na "Mulika" ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Swahili Forum linalotolewa mtandaoni kutoka Ujerumani, ni ya kitaaluma na hutaka hoja za utafiti zenye marejeleo, ilhali yangu ni simulizi tu, na sitaki kuivalisha joho la nadharia. Magazeti nayo, ambayo sina ugomvi nayo, hayawezi kubeba urefu huo bila kuikatakata.

Je, lipo jarida linalopokea maandishi ya namna hii kwa Kiswahili? Nikiitafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya jarida la nje, niweke sharti gani katika mkataba ili haki ya toleo la Kiswahili ibaki kwangu? Tena, kuwapelekea wahariri kadhaa kwa wakati mmoja kunakubalika kwetu, au huhesabiwa kuwa utovu wa adabu?