Naomba ushauri: watoto wa darasa la nne na kutaja chanzo cha habari

Wakuu, habari za leo. Nafundisha darasa la nne huku Minnesota, Marekani. Muhula huu kila mtoto anatafiti jimbo letu na kuandika kurasa mbili, akionyesha habari kazitoa wapi.

Kutafuta wanajua, tena wananishinda mimi. Shida ni chanzo. Ukiuliza "umeipata wapi?" jibu ni moja tu: "Google." Nimewaambia mpaka koo limekauka kwamba Google ni kama dalali, anakufikisha kwenye nyumba lakini nyumba si yake. Wanacheka, kesho wanaandika Google tena.

Juzi wawili nusura wapigane. Mmoja kaandika Minnesota ina maziwa 10,000, kisa ndivyo inavyosomeka kwenye namba za magari ya huku. Mwenzake kaandika 11,842, kaitoa idara ya maliasili ya jimbo, inayohesabu maziwa yenye ekari 10 na kuendelea. Hapo ndipo nilipowakamata: wote wana chanzo, ila vyanzo havina uzito sawa. Siku hiyo walinielewa.

Sasa, walimu wenzangu, na wazazi pia: mtoto wa miaka tisa umdai nini? Mimi nadai mwandishi, kichwa, mwaka na mahali alipoisoma. Mwenzangu wa darasa la jirani anasema jina la kitabu linatosha. Na hii tabia ya kunakili neno kwa neno niikomeshe vipi? Nilijaribu kuwaambia wafunge kitabu kwanza ndipo waandike. Nusu yao wakasahau kila kitu.